Wapagazi wa Kariakoo wachorwe njiani

Mhariri,

Majuzi, tukitembea kutoka kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani kwenda sokoni, mwanangu aliniuliza: “Baba, Kariakoo maana yake nini?” Nilitazama huku na huku nimwoneshe kitu. Nikaona mabango ya simu tu.

Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa. Maandishi ya Sanamu ya Askari ya 1927, hapa mjini, yanawataja, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi hakupewa nafasi hiyo ya juu, na jambo hili linaniuma.

Naomba wenye mamlaka wamchore njiani. Msururu wa wapagazi, mizigo kichwani, uanzie ukutani kituoni na kuelekea sokoni, ili anayetembea atembee nao. Maneno yawe machache, kwa Kiswahili, kimo cha macho ya mtoto. Pale msururu unapopita chini, njiani, rangi tupu haitahimili nyayo na mvua za masika; vitumike vigae vilivyokazwa kwa saruji. Wachoraji hodari tunao, tangu enzi za Tingatinga.

Kisha msururu ufike Mtaa wa Lumumba, kilikozaliwa chama cha kupigania uhuru, TANU, Julai 7, 1954. Ila wapagazi watangulie. Wamengoja zaidi ya miaka 100.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam