Msaada wa Maskini si Mali ya Kiongozi

Wazee walisema kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi twaongeza: mwenye shibe asiachiwe peke yake kazi ya kuandika majina ya wenye njaa.

Wazee wetu hawajasahau shida ya miaka ya 1973 na 1974. Mvua zilikosa, maghala yakawa matupu, na nchi nzima ikala mahindi ya njano kutoka ng'ambo, ambayo unga wake watu waliubatiza jina la "Yanga". Taabu ya siku hizi ni ya namna nyingine. Chakula kimo sokoni, na asiye na fedha anakitazama tu.

Tazameni Nyamwaga, wilayani Tarime. Makao ya Halmashauri ya Wilaya yako hapo, na jirani yake, Nyamongo, mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kazi mwaka 2002. Fedha zapita njiani kila siku. Lakini bei ya unga haimwulizi mtu kama ana mshahara. Mwenye kazi mgodini na bibi mjane mwenye kishamba cha mihogo hununua debe kwa bei moja. Naye mkulima aliyeuza mahindi yake kwa bei ya chini wakati wa mavuno, apate karo na dawa, huyanunua tena kwa bei ya juu miezi ya uhaba.

Kwa ajili ya watu kama hao Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, uliundwa mwaka 2000, na mpango wake wa kunusuru kaya maskini ukaanza mwaka 2012. Utaratibu uliowekwa ulikuwa mzuri: wanakijiji wenyewe wakutane na kuwataja maskini wao. Hata hivyo, uhakiki ulipofanywa, maelfu ya kaya hewa yalikutwa katika daftari nchini. Kila jina la uongo lilikuwa sahani iliyoondolewa mbele ya mtoto wa kweli.

Majina hayo hayakujiandika. Yaliandikwa kwa sababu watu walinyamaza, au hawakuja mkutanoni.

Sheria ya mwaka 1982 imempa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 haki ya kukaa katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Tena Wakurya hawahitaji kufundishwa jambo hili. Tangu zamani wana iritongo yao, ambapo jambo la wote husemwa mbele ya wote, na mwizi hujulikana.

Kwa hiyo twawaambia wanachama wetu, wa Nyamwaga na wa kila tawi: msaada wowote ukija, wa fedha au wa mahindi, takeni orodha isomwe kwa sauti mkutanoni, jina baada ya jina. Jina la ndugu wa kiongozi asiye na shida likisomwa, simameni mlikatae, hata kama kiongozi huyo ni wa chama chetu. Jina la mjane likikosekana, litajeni. Kadi ya chama isiwe tiketi ya kupewa unga, wala kukosa kadi kusiwe sababu ya kunyimwa.

Chama kilichoundwa kuondoa unyonge hakiwezi kula chakula cha wanyonge. Nendeni mkutanoni.