Nani Amelifungia Kabatini Kombe la Chalenji?

Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilikutana mjini Nairobi kugombea kombe lililotolewa na kampuni ya sabuni ya William Gossage ya Uingereza. Kenya ikalibeba. Kombe la Dunia lilikuwa bado halijazaliwa, likaja 1930. Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, lilisubiri hadi 1957. Tanganyika ilijiunga na Gossage mwaka 1945, Zanzibar ikafuata 1949, na utani wa majirani wanne ukawa umekamilika. Wakoloni walitaka kuuza sabuni. Sabuni yao imesahaulika, mpira haujasahaulika.

Baada ya uhuru jina la muuza sabuni liliondolewa, na kuanzia 1973 mashindano yakawa chini ya CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, yakiitwa Kombe la Chalenji. Ndiyo maana mwaka 2026 ulipaswa kuwa wa sherehe, maana ni karne nzima tangu mechi zile za Nairobi. Badala yake mashabiki wanauliza kombe lenyewe liko wapi.

Mara ya mwisho timu za wakubwa kulichezea ilikuwa Desemba 2019, Uganda ilipoichapa Eritrea 3-0 jijini Kampala na kutwaa taji lake la 15. Mwaka 2021 Chalenji iligeuzwa kuwa ya vijana chini ya miaka 23, Tanzania ikashinda kule Ethiopia. Kisha kimya. Hata kabla ya hapo mambo yalikuwa yanayumba: 2014 Ethiopia ilijitoa kuwa mwenyeji na mashindano yakafa mwaka huo, kisha 2016 na 2018 nayo hayakuchezwa.

Wapo wanaosema lisilalamikiwe sana, kwa kuwa lilikuwa limeshachuja. Hoja yao ina uzito kiasi. Kwa miaka mingi CECAFA ilitafuta mvuto kwa kualika timu kutoka nje ya ukanda, na wageni wakazaa vituko. Mwaka 2006 mjini Addis Ababa, Zambia iliishinda Sudan kwa mikwaju ya penalti kwenye fainali, lakini kombe akapewa Sudan kwa sababu Zambia ilikuwa mwalikwa. Aliyeshindwa akarudi nyumbani na kikombe! Miaka minne baadaye Dar es Salaam, timu iliyofungwa na Kilimanjaro Stars ya Tanzania Bara 1-0 kwenye fainali ilitoka Ivory Coast, ambako hakuna mtu anayejua Afrika Mashariki na Kati inaanzia wapi.

Lakini kombe lililochuja halijazi uwanja, na hili lilijaza. Miaka ya 1970 Uganda ilitwaa taji 1973, 1976 na 1977, na kizazi hicho ndicho kilichofika fainali ya AFCON ya 1978 nchini Ghana. Hakikutoka hewani. Kilikuwa kimeshazoea kucheza mechi za presha dhidi ya Zambia na majirani wengine kila mwaka. Kenya nayo ililichukua mara tatu mfululizo, 1981 jijini Dar es Salaam, 1982 Kampala na 1983 Nairobi. Mara mbili za mwanzo iliwashinda wenyeji mbele ya mashabiki wao, jambo ambalo Watanzania na Waganda wa umri fulani hawapendi kukumbushwa.

Anayeumia kuliko wote ni Mzanzibari. Machi 2017 shirikisho la soka la Afrika, CAF, liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, Julai mwaka huohuo likaiondoa. Mchezaji wa Unguja au Pemba anaweza kuitwa Taifa Stars, timu ya Tanzania nzima, ila bendera ya visiwa vyake hawezi kuipeperusha AFCON wala kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Uwanja wake mkubwa ulikuwa Chalenji. Zanzibar ilitwaa kombe hilo 1995, na Desemba 2017 nchini Kenya, miezi michache tu baada ya kufukuzwa CAF, Zanzibar Heroes waliifunga Tanzania Bara, wakaitoa Uganda, bingwa mtetezi, kwenye nusu fainali, na kufika fainali mjini Machakos kukabiliana na wenyeji. Walisawazisha mara mbili, mechi ikaisha 2-2, na kama si kipa wa Kenya, Patrick Matasi, kuokoa penalti tatu, kombe lingevuka bahari.

Fedha hutajwa kuwa kisingizio cha kwanza cha Chalenji kutochezwa. Basi tuangalie kusini. Kombe la COSAFA lilianza 1997, miaka 71 baada ya Gossage, halina mvuto wa kihistoria hata robo ya Chalenji, na timu nyingi hupeleka wachezaji wa ligi ya ndani. Lakini lilichezwa 2021, 2022, 2023 na 2024, kwa sababu Afrika Kusini ilikubali kuwa mwenyeji mwaka baada ya mwaka na kila chama kikajua mapema kinakwenda wapi.

Huku kwetu viwanja si tatizo tena. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Kasarani ya Nairobi ikajaa, Amaan ya Zanzibar ikapokea mechi za bara zima, na nchi hizohizo zimepewa AFCON ya 2027. Kinachokosekana ni ratiba. CECAFA ipange Chalenji kila baada ya miaka miwili, itaje wenyeji wa matoleo matatu yajayo kwa mpigo, iache kabisa kualika wageni, na ikubali timu zije na wachezaji wa ligi za nyumbani ili klabu za nje zisipate cha kugombania. Toleo la kwanza lipewe Zanzibar. Viongozi wa soka wa ukanda huu wanaweza kuliamua hilo wenyewe katika kikao kimoja, bila kusubiri barua ya CAF kutoka Cairo.