Helikopta za Jeshi: Hesabu Isomwe Hadharani

Tarehe 18 Aprili 2024, helikopta ya jeshi aina ya Huey ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet. Kati ya watu 12 waliokuwamo, 10 walifariki, akiwamo Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla. Septemba 2023, helikopta nyingine ya jeshi ilikuwa imeanguka usiku katika doria huko Lamu, na wote waliokuwamo wakapoteza maisha.

Taifa liliomboleza, na ilistahili. Lakini maombolezo hayatuondolei wajibu wa kuuliza: tunapoambiwa kwamba jeshi linapewa ndege za kisasa, je, tunaambiwa gharama yote?

Ieleweke kwamba hatupingi jeshi kuwa na vifaa bora. Askari anayepelekwa msitu wa Boni ana haki ya chombo kitakachomrudisha kwao salama. Tunachopinga ni neno "kisasa" kutumiwa kama pazia.

Huey iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1956, ikajulikana sana katika vita vya Vietnam. Huey II ni ndege hiyo hiyo iliyokarabatiwa: kiunzi cha zamani hubaki, injini na mitambo ya kuzungusha mapanga hubadilishwa. Njia hiyo si haramu, tena ina unafuu wa bei. Hata hivyo, wahenga walisema rahisi ni ghali. Ndege inapopokelewa, matumizi ndiyo kwanza yanaanza: vipuri, mafuta, mafundi na saa za mafunzo ya marubani. Fungu la matengenezo likipunguzwa, pengo hilo hujazwa kwa roho za watu.

Mwaka 2017 serikali ya Marekani iliidhinisha kuiuzia Kenya helikopta zisizozidi 12 aina ya MD 530F, pamoja na silaha, vipuri na mafunzo, kwa makadirio ya dola milioni 253. Sita zilipokelewa Januari 2020. Mei 2024 Marekani ikatangaza kuipa Kenya nyingine 16: Huey 8 na MD 500 8. Zawadi hushukuriwa, lakini haiji na mafuta wala mishahara ya mafundi ya miaka ishirini. Isitoshe, jeshi letu limewahi kupokea pia helikopta kutoka Ufaransa, Urusi na Uchina. Kila aina hudai vipuri vyake na mafundi wake.

Tutajibiwa kwamba hayo ni siri ya usalama. Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 238 kinauweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Kifungu cha 201 kinadai uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma. Na kifungu cha 227 kinataka ununuzi wa haki, wa wazi na usio wa hasara.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, Bunge lisiidhinishe ndege yoyote, ya kununua au ya kupewa, kabla ya kuona gharama ya maisha yake yote. Pili, fungu la matengenezo na mafunzo litengwe peke yake, na Mkaguzi Mkuu alikague. Tatu, ripoti ya kila ajali iwekwe mbele ya Bunge, na familia za marehemu zielezwe kikamilifu.

Hatuombi kujua ndege itaruka lini wala wapi. Siri ya vita ni ya jeshi. Hesabu ya fedha ni ya mwananchi.