Ufunguo Usiohakikiwa Usiaminiwe

Mapigano ya Watwa na Waluba yaliyolipuka upya katika jimbo la Tanganyika, mashariki mwa Kongo, mwaka 2016 yaliwaachia wanaharakati, mawakili na waandishi wa habari wa Kalemie kazi nzito: kutunza majina. Nani alichomewa nyumba, nani aliona, nani alikubali kusema. Orodha ya namna hiyo ikisomwa na mtu asiyestahili, anayelipa ni yule aliyesema. Kila ofisi yenye majina hayo ingepaswa kuijua GnuPG, programu ya bure ya kusimba faili. Toleo lake kamili la kwanza lilitolewa na Mjerumani Werner Koch mwaka 1999.

Wengi huliogopa lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Hofu ya bure. Amri yenyewe ni mstari mmoja: gpg -e -r, kisha anwani ya mpokeaji, kisha jina la faili. Haina madoido, kwa hiyo inakwenda hata kwenye kompyuta iliyochoka, tena bila mtandao. Intaneti ilipozimwa Kongo nzima tarehe 31 Desemba 2018, ikakosekana kwa karibu wiki 3, aliyejua amri hiyo aliweza kufunga faili zake, akazitia kwenye flashi na kumkabidhi msafiri wa boti la Kigoma.

Kazi iko kwenye funguo. Ufunguo wa umma ni kufuli unalomgawia kila mtu. Wa siri unabaki kwako peke yako. Sasa kufuli likifika kwa barua pepe likiwa na jina la wakili wa Lubumbashi, nani kasema ni lake? Yeyote anaweza kutengeneza ufunguo akauandikia jina la mtu mwingine. Programu huonya kwamba hakuna uhakika ufunguo huo ni wa aliyetajwa, kisha huuliza kama uendelee. Watu hubonyeza y. Kama ufunguo ni wa bandia, siri imeshapotea hapo, tena imefungwa vizuri kabisa kwa ajili ya adui.

Dawa yake ni alama za ufunguo, yaani tarakimu na herufi 40 zinazoutambulisha. Andika gpg --fingerprint, mpigie simu mwenye ufunguo ambaye sauti yake unaijua, asome zote nawe ufuatilie kwenye kioo. Usiridhike na 8 za mwisho: mwaka 2014 watafiti walionyesha kuwa hizo zinaigizwa kwa urahisi. Edward Snowden, aliyevujisha siri za ujasusi wa Marekani, kabla ya kumweleza mtengenezaji filamu Laura Poitras siri hizo mwanzoni mwa 2013, alimwomba mtaalamu wa usalama wa kompyuta Micah Lee azitangaze hadharani alama za ufunguo wa Poitras ili Snowden ajue hakuna aliyepenyeza ufunguo wa bandia katikati. Mtu aliyeujua ujasusi wa Marekani kutoka ndani hakuona taabu kufanya hivyo. Sisi wa Kalemie, kando ya mto Lukuga, tuna udhuru gani?

Mengine ni mafupi. Ufunguo wa siri usikae kwenye kompyuta ya saibakafe hata kwa saa moja. Cheti cha kuubatilisha, ambacho programu hukutengenezea yenyewe, kinakiliwe na kuwekwa mbali na kompyuta, maana kompyuta huibwa. Ufunguo upewe tarehe ya mwisho wa matumizi. Kuuongezea muda ni amri moja. Na kichwa cha barua pepe kwa kawaida hakifungwi, basi jina la shahidi lisiandikwe pale.

Mashirika ya Kalemie yaache kupokea funguo kwa WhatsApp na kuziamini papo hapo. Yakutane siku moja, kila mtu aje na kadi yake ya mpiga kura na alama zake 40 kwenye karatasi, zisomwe moja moja. Asiyekuja nazo asitumiwe jina la shahidi hata mmoja.