Kaduara Kanazunguka, Kazi Ilishakufa

Wasee, mnitukane baadaye, kwanza mnisikize. Zile GIF mnajaza kwa programu za kompyuta, zitoeni.

Siongelei simu. Kwa WhatsApp tumianeni GIF mpaka kesho, na mimi mwenyewe hulipwa kuzitengeneza. Naongelea programu za kaunta: ya agrovet, ya chemist, ya karo ya shule, ya kinu cha mpunga. Ile iko kwa mashine nyeusi ya ex-UK yenye RAM ya GB 4, kibodi imefunikwa na nailoni juu ya vumbi. Ukiifungua, bendera ya Kenya inapepea. Logo inajirusha kama chapati. Ukienda kwa malipo, noti za elfu zinaanguka kutoka juu ya skrini, kwa duka ambalo mwenyewe hajalipa rent. Halafu ukibonyeza kuhifadhi, kaduara kanaanza kuzunguka. Kanazunguka. Kanazunguka tu.

Hako kaduara ndiko kameniletea hasira.

Hapa Ahero watu wamelima mpunga kwa skimu ya serikali tangu mwisho wa miaka ya sitini. Gunia likiingia kwa kinu, mtu anataka kitu kimoja: liandikwe, kwa jina lake, kilo zake, mara moja. Msimu uliopita nilikuwa kwa kinu fulani, jina nitabaki nalo, nimeenda kushuti video. Dada wa kaunta akaandika magunia ya mzee mmoja, akabonyeza. Duara likaanza. Mzee akauliza, "Nyathina, imeingia?" Dada akajibu, "Ngoja kidogo, jaduong', inaload." Dakika ya kwanza, ya pili. Foleni ikaanza kunung'unika, akabonyeza tena. Duara likaendelea vile vile, na raha zake zote.

Jioni, kompyuta ikasema mzee ameleta magunia mara mbili ya yale yaliyo kwa stoo. Sasa niambieni, nani aliitwa mwizi? Developa alikuwa Kisumu akila samaki. Aliyesimamishwa mbele ya bosi ni yule dada, na kama hangekuwa ameandika pia kwa kitabu cha mkono, ingekatwa kwa mshahara wake. Kitabu cha shilingi themanini kilimwokoa kutoka kwa programu ya maelfu.

Mtaniambia hiyo ni bahati mbaya. Hapana, ni vile kitu kilijengwa. Wacha niwaeleze, na najua kuna wale wataandika "we uliacha kampasi, unajua nini". Niliacha, ndio. GIF hazikuacha kufanya kazi vile zinafanya.

GIF ilitoka 1987, kampuni ya CompuServe ya Marekani, kazi ya Steve Wilhite na wenzake. Toleo la 1989 likaongeza muda wa kungoja kati ya fremu moja na nyingine. Baadaye Netscape, wale wa kivinjari, wakaongeza alama ya kusema "rudia bila mwisho". Basi. Ndani ya hilo faili kuna picha, kuna muda, kuna amri ya kurudia. Hakuna mahali panajua kama data imeingia, kama imekwama, au kama waya ya mtandao imeng'olewa na kuku.

Fikiria hoteli yenye mtu mmoja, yeye ndiye anapokea oda na yeye ndiye anapika. Programu ya kawaida ya Windows iko hivyo: kuna uzi mmoja wa kazi unaochora dirisha na kupokea klik zako. Ukiupa huo huo uzi kazi nzito ya kuhifadhi, ameingia jikoni, meza hazina mtu. GIF inaganda kwa fremu moja, Windows inakuandikia "Not Responding". Angalau hapo umeambiwa ukweli. Developa anaona aibu, anaajiri mpishi, yaani anahamisha kazi kwa uzi mwingine. Vizuri, hiyo ndiyo njia inayofaa. Lakini anaishia hapo. Sasa mpishi akizimia jikoni, waiter bado anakatika mbele ya wateja. Hakuna mtu alimwambia aende kuchungulia.

Na sababu ya hii yote ni kwamba kuweka GIF ni rahisi sana, na inapendeza kwa demo. Kwa Java Swing unaweka ImageIcon ndani ya JLabel, inacheza. Kwa C# unaipatia PictureBox, inacheza. Kwa Python na Tkinter ndio utatoka jasho kidogo, kwa sababu PhotoImage inakuonyesha fremu ya kwanza peke yake mpaka uandike kitanzi cha kuzibadilisha mwenyewe. Najua wasee wamekesha usiku mbili wakitafuta vile bendera itapepea kwa Tkinter. Ukiwauliza stima ikipotea katikati ya kuhifadhi nini kinafanyika, wanakuangalia kama umewaongelesha Kichina. Usiku mbili za bendera, dakika sifuri za stima. Hapa Ahero! Mvua ikinyesha kidogo tu Nyando inafurika, unategemea stima itakaa?

"Lakini mteja anapenda." Mteja yupi? Anayelipa aliona programu dakika kumi, kwa laptop yako mpya, ukiwa umevaa shati la kupiga pasi. Anayeitumia atakaa mbele yake kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na kona ya jicho lake kuna kitu kinaruka. Jicho la binadamu huvutwa na kitu kinachosonga. Miongozo ya WCAG, ile ya kurasa za intaneti, inasema kitu kikianza kusonga chenyewe zaidi ya sekunde 5 kando ya mambo mengine, mtu apewe njia ya kukisimamisha, na kisimwekemweke zaidi ya mara 3 kwa sekunde. Hiyo ya pili si mchezo: Desemba 1997 huko Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali baada ya kipindi kimoja cha Pokémon kuwaka nyekundu na buluu kwa kasi. Programu ya kaunta haina batani ya kusimamisha chochote. Unakaa nayo tu.

Halafu RAM. GIF ya pikseli 400 kwa 400, kila pikseli ikichukua baiti 4, ni baiti 640,000 kwa fremu moja ikishafunguliwa. Fremu 60 ni kama MB 38, ukiziweka zote wazi kwa kumbukumbu, hata kama faili lenyewe lilikuwa MB moja. Weka bendera, weka logo, weka noti. Kwa mashine ya GB 4 yenye Windows, antivirasi, na Chrome ya bosi imefungua mechi, mnashangaa nini inaload.

Sasa angalieni M-Pesa. Tangu 2007, mathe zetu sokoni wametuma pesa kwa simu za batani, bila hata katuni moja. Hakuna kitu kilizunguka. Ilikuja meseji: namba ya muamala, "Imethibitishwa", kiasi, jina, salio. Mama wa samaki haachilii samaki kwa sababu kitu kinacheza kwa skrini yako. Anangoja meseji iingie kwake. Huyo mama anaelewa programu kuliko nusu ya wasee wanaojiita developa.

Fanyeni hivyo hivyo. Batani ikibonyezwa mara moja, ifungwe. Kila rekodi ipewe namba yake kabla ya kutumwa, ili hata ikitumwa mara mbili iingie moja. Andika "gunia 14 kati ya 40", mtu aone namba ikipanda. Sekunde 20 zikipita bila jibu, sema "haijaingia, usibonyeze tena, angalia waya". Kwa Kiswahili, ama kwa Dholuo kama unajua, maana dada wa kaunta hakuajiriwa kusoma makosa ya SQL. Na risiti itoke tu baada ya hifadhidata kujibu.

Kuna GIF moja naipigania, na hii nitaitengeneza kwa moyo. Karatasi ya printa ya risiti ikiisha, nusu ya watu huiweka ikiangalia upande mbaya, inatoka nyeupe, foleni inasimama. Onyesha mkono ukiingiza roli. Pikseli 320 kwa 240, fremu 12, haifiki MB 4 kwa kumbukumbu. Icheze mtu akiiomba, irudie mara mbili, inyamaze. Hiyo ni elfu moja na mia tano, nusu mbele, na nitakuja hapo kwako kushuti printa yenyewe.

Ya noti zinazoanguka, tafuta msee mwingine.