Heri Kukosea Kuhusu Twilight

Nianze na dhambi yangu, ndio nikianza kulaumu watu wakubwa msiseme najifanya msafi.

Mnakumbuka zile video zangu tano, "Twilight Ni Nani?" Zile nimevaa hudi nyeusi, taa ya simu chini ya kidevu kama mtu anasimulia hadithi za majini? Ndizo zilinipa wafuasi wangu elfu moja wa kwanza. Niliwaambia niko toleo la 12, nasoma pole pole, tukisie pamoja. Uongo mtupu. Nilikuwa nimemaliza matoleo yote 40. Niliyasoma siku tatu usiku, kwa simu yenye kioo kimepasuka, wiki chache baada ya kuacha campo, wakati mathe alikuwa bado anadhani niko likizo. Usiniulize komiki zenyewe nilizipata wapi.

Kwa hivyo kila "nahisi kama" na kila "wasee, na kama ni Angel?" ilikuwa drama. Nilikuwa mwanafunzi mwenye majibu ya mtihani mfukoni, anajikuna kichwa ndio mwalimu aone anafikiria. Na mlinipigia makofi. "Huyu jamaa ni jiniasi." Manze, nilizisoma hizo komenti mpaka nikaziamini.

Kama hujui tunaongea kuhusu nini, sikiza haraka, na ujue hapa nitamwaga mchele wote. Buffy the Vampire Slayer ilikuwa kwa TV ya Marekani kutoka 1997 hadi 2003, misimu saba, vipindi 144. Msichana wa shule anachaguliwa kupigana na vampaya na mashetani, na kwa kawaida Slayer ni mmoja tu kwa kila kizazi. Mwisho wa msimu wa saba rafiki yake Willow, ambaye ni mchawi, anafungua hizo nguvu kwa kila msichana duniani aliyekuwa na uwezo wa kuwa Slayer. TV ikaishia hapo. Halafu Machi 2007 kampuni ya Dark Horse ikaanza kutoa msimu wa nane kama komiki, na Joss Whedon mwenyewe, aliyeanzisha series, ndiye alikuwa anasimamia hadithi. Si hadithi za mashabiki. Ndio muendelezo rasmi.

Na karatasi haina bajeti. Sasa Buffy ana kasri Scotland na jeshi la wasichana. Mdogo wake Dawn amekuwa jitu refu kama nyumba. TV ingelipia hiyo na nini?

Adui wa msimu huo ni mtu amefunika uso, anaruka angani, ana nguvu kuliko Buffy, na anataka kumaliza uchawi na ma-Slayer wote. Jina lake Twilight. Si ile ya Bella na Edward, tafadhali, nimechoka kujibu hiyo komenti.

Sasa fikiria kitu kimoja. Hii barakoa isingefanya kazi kwa TV hata dakika mbili. Angefungua mdomo tu, watu waliomsikiza Angel kwa miaka minane, misimu mitatu kwa Buffy na mitano kwa series yake mwenyewe, wangeruka kwa kochi: hiyo ni sauti ya David Boreanaz! Komiki haina sauti. Kila mtu anaongea kwa puto jeupe, herufi ni zile zile, awe Buffy au awe shetani. Kwa hivyo msomaji anabaki na maneno yenyewe: huyu anaongeaje, anajua nini, anaogopa kusema nini. Ukiniuliza, hapo komiki iliishinda TV. Ilikulazimisha usome kama mpelelezi.

Na walikuwa na muda. Toleo moja kwa mwezi, ukibahatika. Kutoka toleo la kwanza mpaka barakoa ivuliwe ni miaka mitatu. Wewe na mimi tunamaliza msimu mzima wikendi moja na bando ya mia. Hawa walikaa na kurasa ishirini na kitu siku thelathini, wakizigeuza kama mtu anatafuta noti kwa mfuko wa suruali ya jana.

Ndio maana walikuwa wanawashinda waandishi kukumbuka. Warren, yule mhalifu ambaye Willow alimchuna ngozi kwa msimu wa sita, akarudi kwa komiki akiwa hai. Mashabiki wakauliza papo hapo: hebu ngojeni, kwa msimu wa saba First Evil alijitokeza na sura ya Warren, na tuliambiwa First Evil huchukua sura za waliokufa peke yake. Kumbe Whedon alikuwa amesahau. Jibu likawa eti moyo wa Warren ulisimama kwa muda mfupi, kwa hivyo ni kama alikufa. Sawa, baba.

Kuna msichana alikuwa anasoma hivyo hivyo kwa komenti zangu. Sitataja jina lake. Kila video alikuwa ananiandikia kama aya nne, na yeye alikuwa toleo la 19 kweli kweli, si kama mimi. Wengine walikuwa wanasema Xander, wengine Giles, mmoja alisema ni babake Buffy, nikacheka. Huyu alisema ni Riley.

Riley Finn ni yule mwanajeshi aliyekuwa mpenzi wa Buffy baada ya Angel. Hebu ona alivyojenga kesi. Mwanzoni kabisa, kwa hadithi ya kwanza ya msimu, kuna jenerali wa jeshi la Marekani mwenye alama ya Twilight kifuani. Kwa hivyo hili ni jambo la jeshi, na Riley ni jeshi. Twilight anapomchapa Buffy anamuuliza, kwa namna yake, kama kweli kuwapa wasichana hao wote nguvu kumeifanya dunia iwe bora. Msichana akaandika: hilo ni swali la mtu aliyewahi kupenda mwanamke mwenye nguvu kumliko na ikamshinda. Riley aliondoka juu alihisi Buffy hamhitaji. Halafu akamalizia: "Twilight hachukii uchawi. Anachukia kutohitajika."

Hiyo nilisoma mara tatu. Mimi nilikuwa na jibu, yeye alikuwa na maana.

Nilimjibu na emoji ya kucheka. Video ya tano nikaanika kila kitu: ni Angel, niliwaambia, mimi ni nabii. Sikumuuliza kama amefika. Hakuandika tena.

Na ndiyo, ni Angel. Mwisho wa toleo la 33 barakoa inatoka na ni yeye, kipenzi cha kwanza, vampaya mwenye roho. Wenye walinunua hilo toleo pia hawakupata raha yao kamili, juu mwanzoni mwa 2010, kabla halijafika madukani, picha za kava zilivuja na jina likatembea kila mahali. Miaka mitatu ya kukisia ikaisha na picha moja.

Sisemi Angel hakuwezekana. Mtu amelelewa hapa kwetu angemshuku kitambo, maana tunaambiwa tangu utotoni kikulacho ki nguoni mwako. Na dalili zilikuwepo: Twilight alikuwa na nafasi ya kumuua Buffy na hakumuua. Anamjua sana. Kilichokuwa kinamkinga ni biashara. Komiki za Angel wakati huo zilikuwa zinatolewa na kampuni nyingine, IDW, kuanzia 2005. Msomaji mwerevu angesema, huyo ni mali ya jirani, mtoe kwa orodha. Mtu alikuwa analindwa na mkataba kuliko barakoa. Hiyo hata mimi naipea heshima.

Shida yangu inaanza ukurasa wa baada ya barakoa. Ukishajua ni nani, unataka kujua ni kwa nini. Na kwa nini ya Angel ni kama maelezo ya mtu amepatwa na simu mbili: nilijifanya adui ndio maadui wenu wote wakae chini yangu niwadhibiti, la sivyo mngekufa wengi zaidi. Lakini wasichana walikufa! Toleo lile lile la 33 tunaambiwa ma-Slayer 206 wamekufa na nguvu zao zimeenda kwa Buffy. Halafu inakuja kwamba si Angel hasa, ni ulimwengu wenyewe unawataka hao wawili wazae dunia mpya, ndio wanaishia kufanya mapenzi wakiruka angani huku dunia inabomoka chini yao. Sitanii. Toleo la 34.

Na toleo la 39 Angel, akiwa ametawaliwa na hiyo nguvu ya Twilight, anamvunja Giles shingo. Giles! Mtu aliyemlea Buffy kuliko babake mzazi. Pale nililia, saa tisa usiku, nimeuma blanketi ndio brathe asinisikie. Lakini angalia vile nililia: nililia kwa sababu ya Giles. Kwa Angel sikuhisi kitu, maana hadithi ilishanipa kisingizio chake mapema. Hakuwa yeye, alitawaliwa. Kona kubwa ya msimu mzima, na aliyeipiga hakuwa na mkono kwa usukani.

Thiori ya Riley ilikuwa na mtu ndani yake. Mtu aliyechagua. Kwa komiki Riley anatokea kweli akiwa upande wa Twilight, kwa hivyo msichana hakuwa anaota, halafu baadaye tunaambiwa alikuwa jasusi wa Buffy muda wote. Yaani hata huyo walimsafisha. Kila aliyeshukiwa alikuwa na barua ya daktari.

Najua mtu atasema waandishi hawana deni kwa mtu anayekisia, ni hadithi yao. Kweli. Lakini walituwekea barakoa miaka mitatu. Barakoa ni swali. Ukiniuliza swali miaka mitatu, nami nikakaa nikalifikiria, jibu lako lisiwe dogo kuliko langu.

Na wangejifunza hapo ningewasamehe. Wakaenda msimu wa tisa wakafanya mbaya zaidi. Ni 2012. Buffy sasa anaishi San Francisco, anafanya kazi ya kuuza kahawa, anaamka baada ya pati ambayo haikumbuki vizuri, na anagundua ana mimba. Hakuna shetani wa kupiga. Ni msichana, kodi ya nyumba, na kile kipimo mkononi. Kwa toleo la 6 anaamua kutoa, na anamuomba Spike amsindikize. Uamini unachoamini kuhusu jambo hilo, mimi sikuja kuhubiri, lakini wewe mwenye umewahi kukaa hosteli ya campo unajua ule mlango unaofungwa katikati ya wiki na hakuna mtu anauliza kwa nini. Nilikuwa nasoma nikijua hii ni mara ya kwanza hawa watu wanaongea kuhusu watu ninaowajua. Nilifunga simu nikaenda nje kidogo.

Nikarudi kwa toleo la 7. Mkono wa Buffy unakatika na ndani kuna waya. Hakuwa na mimba. Hakuwa Buffy. Alikuwa roboti, Andrew alimbadilisha kwa siri ati kumlinda.

Hiyo nayo, kwa sheria za kukisia, walikuwa na haki. Roboti ya Buffy ilikuwepo tangu msimu wa tano wa TV. Ungeweza kuotea. Lakini nani angekaa kuwaza roboti wakati msichana amekalia kitanda anajiuliza afanye nini na maisha yake? Walituita kwenye mazungumzo mazito, tukaja, tukaketi, halafu wakazima taa wakacheka. Kwangu hiyo ndiyo tofauti ya kona na kukimbia. Angalau Angel alibaki na damu mikononi na series yake iliyofuata, Angel & Faith, ikamfanya ahangaike kulipia kifo cha Giles. Ule mlango wa Buffy ulifungwa tu.

Na ndio nimekuja kukubali kwamba mimi nilifanya kile kile kwa wadogo wangu wa komenti. Niliwaita tukisie, na sikuwa nakisia. Mathe pia nilikuwa namkisisha, tukiongea ukweli, mpaka alipopigia idara simu mwenyewe. Hiyo ni posti ya siku nyingine.

Jana niliweka hizo video tano chini. Wasee wa pesa wananiambia ni ujinga, bado zilikuwa zinaleta watu. Kisha nikamtafuta yule msichana kwa inboksi, nikamwambia ukweli wote: nilikuwa nimemaliza, nilikuharibia, thiori yako ilikuwa kali kuliko komiki, samahani. Nikamwambia pia, kama bado ana moyo, asome msimu wa kumi, ule wa 2014, ni mtamu na hauna haraka.

Amejibu leo asubuhi, maneno matatu.

"Bado ni Riley."