Mtoto wa Msumbiji na Herufi za Kireno

Ulipoanza kujifunza kusoma, mwalimu aliandika neno "jembe" ubaoni. Jembe ulikuwa unalijua. Kazi yako ilikuwa moja tu, kuzijua herufi.

Sasa tutazame ng'ambo ya mto Ruvuma. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na lugha ya shule ikawa Kireno. Lakini mtoto wa kijijini mkoani Cabo Delgado huzungumza Kimakonde, Kimakua au Kimwani. Alipofika shuleni alikuta kazi mbili kwa mara moja: herufi asizozijua, na maneno asiyoyaelewa. Wengi walisoma kama kasuku. Ukiwauliza maana, kimya.

Kati ya 1993 na 1997 yalifanyika majaribio. Huko Gaza watoto walianza kusoma kwa Kichangana, na huko Tete kwa Kinyanja. Mwaka 2003 mpango huo uliingia katika mtaala wa nchi, kwa lugha 16.

Je, Kireno hufundishwaje? Kwanza kwa mdomo. Mwalimu anagusa meza, anasema neno, watoto wanajibu. Kusoma huja baadaye, mtoto akisha kusoma kwa lugha yake. Mtoto anayejua ma, me, mi, mo, mu kwa Kimakonde hana haja ya kuanza upya. Afundishwe yale yaliyo tofauti.

Na tofauti zipo. Hilo neno "meza" sisi tulilipata kwa Wareno wenyewe. Wao huandika mesa, maana s iliyo katikati ya irabu mbili husomwa z. "Leso" nayo ni yao: huandika lenço, na hiyo c yenye mkia husomwa s. Chai huiita chá, lakini husoma "sha". Mtoto wa Kimakonde akisoma "cha", asichapwe. Aonyeshwe kanuni ya Kireno.

Wazazi wengine walilalamika. Lugha ya nyumbani mtoto anaijua, walisema, sisi tunataka Kireno cha kupatia kazi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Katika mpango huo, darasa la 4 masomo hugeuka kuwa ya Kireno. Mtoto ambaye hakuzungumza Kireno kila siku tangu darasa la 1 atakwama hapo, hata kama anasoma Kimakonde kwa haraka.

Mzazi asiyejua Kireno anaweza kupima mwenyewe jioni. Amwambie mwanawe asome mistari miwili ya Kireno, kisha aeleze kwa Kimakonde imesema nini. Mtoto akinyamaza, mzazi aende kesho yake akazungumze na mwalimu.